Mtu Aliyewafunga Wabelgiji

Kabla ya Mholanzi kuja, Kabondo, mtaa wetu huku Congo, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kusimuliwa, na mtu huyo alikuwa Évariste Asumani, namba tisa wa timu yetu. Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchomelea chuma kwenye karakana ya meli kule mtoni. Jumapili alikuwa Radi. Ndilo jina walilompa, kwa sababu ukisikia kishindo ujue mpira umekwisha kuingia. Akipita sokoni, wanawake wa Kiwagenia, wake wa wavuvi, walimwongezea samaki bila kuombwa. Akiingia baa ya Papa Feruzi, mtu aliinuka kumpisha kiti. Hata makarani, wale wa kusema Kifaransa puani, walimshika mkono mbele za watu. Évariste aliyazoea hayo yote kama mtu anavyozoea paa la nyumba yake. Hakuwahi kujiuliza ingekuwaje likiezuliwa.

Likaezuliwa mwaka wa hamsini na sita, alipofika Klaas Hoekema.

Huyo Klaas alikuja kusimamia karakana. Mrefu, nywele rangi ya ndevu za mahindi, mguu wa kulia akiuburuta kidogo. Wiki za kwanza hakuna aliyemjali: mundele mwingine, Mzungu tu, basi. Tofauti yake ni kwamba saa ya chakula alikaa na mafundi juu ya meli iliyopinduliwa, akila mkate wake nao wakila kwanga yao ya muhogo, na Kiswahili alijitahidi kukisema hata kama kilimtoka kikichechemea kama mguu wake.

Siku moja mafundi walikuwa wakipiga mpira kati ya mapipa mawili matupu. Mpira ukamponyoka mtu, ukabingirika mpaka miguuni pa Klaas. Klaas, mkate mkononi, mdomo umejaa, aliupiga bila hata kuutazama vizuri. Ukapita katikati ya mapipa, ukagonga ukuta wa bati nyuma, karakana nzima ikalia kama kengele ya misheni.

Watu wakaduwaa. Valère, fundi wa mashine na golikipa wa timu ya Kabondo, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Bwana Klaas, mupira ulijifunza wapi?"

"Kwetu, Hollande. Mimi ilikuwa mushambuliaji. Équipe nationale, timu ya taifa."

"Alors ulifunga?"

"Nilifunga."

"Ulifunga nani?"

Klaas akageuza shingo kutazama ofisi, alikokuwa amekaa mkurugenzi, Mbelgiji. Akashusha sauti. "Wabelgiji," alisema. "Kwao, Antwerpen. Matatu."

Valère alijiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakamtikisika mpaka machozi yakamtoka. Mwingine alilala chali juu ya meli akipiga mateke hewani. Mtu asiyeishi enzi zile hawezi kuelewa. Mbelgiji ndiye aliyekupangia saa ya kutoka mjini kurudi cité, mitaa yetu weusi, ndiye aliyekuandikia kosa, ndiye aliyekuita kijana ukiwa na mvi. Kumshinda Mbelgiji kwa lolote kulikuwa hakujasikika, na kwa mpira ndiyo kabisa, maana timu zao na zetu hazikukutana. Sasa hapa ameketi mtu mwenye mkate mkononi, amewafunga matatu, kwao, mbele ya mama zao.

Jioni ile Kabondo nzima ilijua. Kesho yake mtaa wa Mangobo ulijua. Lori likaipeleka habari Banalia, meli ikaishusha Barumbu, na huko Barumbu mabao yalikuwa yamekwisha kufika matano.

Évariste alicheka pamoja na wenzake, lakini alicheka kwa meno tu. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Pélagie, anatwanga sombe ya majani ya muhogo, mtoto wao Claudine mgongoni, na mchi ukasimama hewani.

"Papa Claudine! Ni kweli mundele wako aliwafunga Wabelgiji matatu?"

"Mundele wangu tangu lini?"

"Si munatumika naye kazi moja? Mama Berthe amesema golikipa wao alilia kama mutoto."

"Mama Berthe alikuwako?"

Pélagie akamtazama vizuri, akaurudisha mchi kinuni. "Bon," alisema, "niliuliza tu."

Tangu hapo mambo yakaanza kumponyoka Évariste moja moja. Kwa Papa Feruzi kiti cha karibu na mlango, kilichokuwa chake, kikawa cha Valère, kwa sababu Valère aliisimulia Antwerpen vizuri kuliko mtu yeyote, akiigiza hata yule kipa wao na kofia yake. Jirani alipata mtoto wa kiume, wakamwita Klaasi. Jumapili Évariste alifunga mawili dhidi ya Mangobo, na njiani kurudi akamsikia mzee mmoja akisema, "Kijana anajua. Lakini yale ya Antwerpen, yale ndiyo mabao."

Roho ilimuuma jinsi ambavyo hakuwahi kuumwa. Ubaya wake ni kwamba hakuweza kukaa mbali. Kila saa ya chakula alisogea karibu na Klaas kuliko wote, akaomba asimuliwe tena. Alikuwa akiwinda uongo. Alijisemea, mtu akidanganya, siku moja atajichanganya: leo nyasi zitakuwa zimelowa, kesho zitakuwa kavu. Lakini nyasi za Klaas zililowa kila siku. Fulana zilikuwa za rangi ya chungwa kila siku. Bao la pili liligonga mwamba kwanza, kila siku. Kumbe yote yalikuwa kweli, na ukweli ule ulimkaba zaidi.

"Na mimi ningepewa nafasi ningewafunga," alimwambia Pélagie siku moja, ghafla, wakiwa mezani. "Manne."

"Nani amekataa?" alisema Pélagie.

"Hawatupi nafasi! Yeye alipewa. Ndiyo tofauti yetu."

Papa Wenceslas, mwenyekiti wa timu, fundi cherehani mwenye kibyongo na sauti ya padre, hakuyajua hayo. Yeye alichoona ni bahati. Alikwenda karakana amevaa koti, akamwomba Klaas awafundishe vijana wa Kabondo, na Klaas akakubali kabla ombi halijaisha. Akawa anakuja Jumapili baada ya misa, kwa baiskeli, mguu mmoja tu ukikanyaga kwa nguvu. Alimfundisha Valère kusimama golini. Aliwafundisha mabeki kusemezana. Évariste naye alimfundisha, tena kwa upole, kwamba asiukimbilie mpira, auache umjie. Évariste alisema "Ndiyo, bwana," akaukimbilia. Baadaye, peke yake nyuma ya shule, aliuacha umjie, na alipoona kwamba Mholanzi alisema kweli aliupiga mpira kwa hasira ukapotelea kwenye mihogo ya watu.

Mwaka uliofuata ndipo ikatangazwa: klabu ya Wazungu wa mjini itacheza na timu ya Kabondo, uwanja mkubwa, viingilio vikajenge zahanati. Kabondo haikulala. Papa Wenceslas alishona fulana mpya za kijani kwa mkono wake. Kisha maneno mengine yakafuata: Wazungu hawana mshambuliaji, wamemwomba Klaas, na Klaas amekataa. Amesema yeye ni mwalimu wa Kabondo, atakaa benchi la Kabondo.

Papa Wenceslas alilipokea hilo kwa machozi. Évariste hakulia. Aliona mbele yake siku yenyewe: yeye anafunga, Wabelgiji wanainamisha vichwa, na watu wote wanageuka kutazama benchi. Wanasema, mnaona kazi ya Klaas! Mabao yake mwenyewe, miguu yake mwenyewe, nayo yamehesabiwa kwa mtu aliyeketi.

Hapana. Mtu huyu aingie uwanjani, upande wa pili. Watu wawaone wote wawili juu ya nyasi moja, kisha wachague.

Ijumaa kabla ya mechi alimkuta Klaas peke yake kwenye karakana, akipangusa mikono kwa kitambaa cha mafuta.

"Bwana Klaas, wachezaji wamenituma."

"Sema, Évariste."

"Wanasema siku hiyo hawataki mundele kwenye benchi letu. Wanaogopa utatoa siri zetu kwa wenzako."

Klaas aliendelea kupangusa mikono iliyokuwa safi tayari. "Valère pia?"

"Valère pia."

"Papa Wenceslas?"

Évariste alisita kidogo, kidogo tu. "Yeye alishindwa namna ya kukuambia."

Mholanzi akakitundika kitambaa msumarini. "Asante kwa kunambia," alisema, na akatoka. Évariste alimtazama akienda, mguu unaburuta kuliko kawaida. Akakaza moyo. Alijiambia, sikumpiga, sikumwibia, nimempeleka kwa ndugu zake tu.

Jumapili uwanja ulifurika. Wazungu walikaa vitini chini ya turubai. Watu wa cité walisimama nyuma ya kamba, wengine juu ya mapaa, wengine juu ya mabega ya wenzao. Timu ya Wazungu ilipotoka na fulana nyeupe, na yule mrefu mwenye nywele za mahindi akatoka katikati yao akichechemea, kamba yote ilinyamaza. Papa Wenceslas alishika kichwa. Valère, kutoka golini, alimtazama Évariste kama mtu anayetaka kuuliza tumemkosea nini.

Évariste akajifanya anafunga kamba za viatu.

Klaas alikuwa na umri wa kuweza kumzaa beki aliyemkaba. Hakukimbia. Alitembea, akasimama, akangoja. Kisha mpira ukaja juu kutoka pembeni, akauacha umjie, akaugusa mara moja tu, na Valère aliyefundishwa na yeye mwenyewe namna ya kusimama akabaki amesimama. Bao.

Turubai ilipiga makofi. Nyuma ya kamba palikuwa kimya, kimya cha watu wasiojua la kufanya. Halafu sauti moja, sijui ya nani, ikapasuka: "Klaasi!" Na kamba nzima ikaitikia. Watu wetu, waliotoka Kabondo kwa miguu, wakamshangilia mtu aliyetufunga.

Évariste aliyasikia yale makelele yakimwingia kama moshi. Wakati wa mapumziko hakunywa maji. Papa Wenceslas alisema maneno mengi, yeye hakusikia hata moja. Kipindi cha pili kilipoanza alicheza kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Bao la kwanza alilipata kwa nguvu tu: alimsukuma Mbelgiji wa kwanza kwa bega, akamruka wa pili, akapiga, radi ikalia. Akasikia kigelegele, akakijua ni cha Pélagie.

Bao la pili halikuwa la nguvu. Mpira ulitoka kushoto, mabeki wawili wakamjia kwa pamoja, miguu ikamwambia kimbia, naye akasimama. Akauacha umjie. Mabeki wakapita mbele yake kama watu walioitwa mahali pengine, akamwona kipa ameziba upande mmoja, akausukuma taratibu upande wa pili, kama unavyomsukuma mtoto aingie ndani alale. Mapaa yalitingishika. Hata makarani walivua kofia wakazirusha.

Évariste alipogeuka alikutana uso kwa uso na Klaas. Mholanzi alikuwa anampigia makofi. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchukiza zaidi.

Zikabaki dakika chache. Wazungu wakapiga mpira mrefu, Klaas akasahau miaka yake, akaukimbilia. Alipoingia eneo la goli letu, goti likakataa. Alianguka peke yake, kama mti uliokatwa, na mlio wa goti lile Évariste aliusikia kutoka alikokuwa. Beki wa Kabondo alikuwa mbali naye. Lakini refa, karani mmoja wa Kibelgiji, alipuliza filimbi akaonyesha penalti.

Klaas alikuwa chini, uso umekuwa rangi ya jivu. Alimshika refa suruali. "Personne ne m'a touché!" alipiga kelele. Kisha, ili kamba nayo isikie, akasema kwa Kiswahili chake: "Hakuna mutu amenigusa! Hakuna!" Refa akautoa mguu wake. Penalti ikapigwa, ikaingia. Mbili kwa mbili. Klaas akabebwa juu ya machela, na cité yote ilisimama kimya mpaka gari lilipoondoka.

Jumatatu Évariste aliamka akijua kwamba yeye ni Mkongo wa kwanza mjini kuwafunga Wabelgiji, tena mawili. Alipita sokoni polepole, awape watu nafasi. Walimpongeza, ndiyo. Walimpa mkono. Kisha kila mmoja, bila kuvuta pumzi, aliongeza: "Lakini yule mundele! Amelala chini, goti limevunjika, na bado anasema kweli. Umewahi kuona?"

Hata siku yake mwenyewe ilikuwa imekuwa hadithi ya Klaas.

Siku chache baadaye, mchana, Papa Wenceslas aliingia uani kwa Évariste bila kubisha hodi. Pélagie alikuwa anachagua mchele. Mzee hakukubali kiti.

"Nimetoka hospitali," alisema. "Nimemuuliza yule mutu kwa nini alitutupa. Unajua amenijibu nini? Amesema hana kinyongo. Amesema wachezaji wangu walimutuma Évariste kumwambia hawamutaki."

Mzee akasogea hatua moja.

"Nilimuuliza Valère. Nikauliza wote. Nani alikutuma, mwanangu?"

Ungo wa mchele ulitua chini. Pélagie alisema kwa sauti ndogo, "Papa Claudine. Jibu mukubwa."

"Hakuna aliyenituma," alisema Évariste.

"Basi fulana namba tisa uirudishe imefuliwa," alisema Papa Wenceslas, na akatoka na kibyongo chake. Pélagie hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliuinua ungo, akaendelea kuchagua mchele, na siku mbili alimwekea mume wake chakula bila neno. Siku ya tatu alisema, "Utaenda kwa yule mutu, ama nitaenda mimi?"

Hospitali ya Wazungu mtu mweusi hakuingia kwa mlango wa mbele. Évariste alizunguka nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka, na mpishi mmoja aliyemjua kama Radi akampitisha mpaka barazani. Klaas alikuwa ameketi, mguu mweupe wa plasta umenyooshwa juu ya kigoda. Hakungoja salamu.

"Ulidanganya."

"Nilidanganya, bwana."

"Mimi sikulala usiku ule. Nilifikiri Valère ananichukia. Nilifikiri wote." Akagonga plasta kwa kidole. "Kwa nini?"

Évariste alikuwa amejiandalia maneno njiani. Yalimtoka yote kichwani, akabaki na lile moja. "Wivu," alisema. "Uliwafunga Wabelgiji. Mimi nilikuwa mutu hapa kabla yako. Ukaja, nikakuwa si mutu tena."

Klaas alitoa sauti, Évariste akadhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko, kibaya, kisicho na furaha.

"Unanionea wivu mimi? Sikiliza. Équipe nationale nilicheza mechi tatu. Tatu! Antwerpen ndiyo ya mwisho. Halafu vita ikakuja, ikakula miaka yangu yote mizuri. Vita ikaisha, nikarudi, goti hili limeanza. Wakachukua kijana mwingine. Mimi nilikaa uwanjani na tikiti yangu, ninaomba Mungu yule kijana aanguke. Kila Jumapili. Aanguke tu."

"Alianguka?"

"Alifunga! Kila Jumapili alifunga. Redio jina lake, magazeti jina lake. Nikaona heri niende mbali, pahali redio haitamusema. Nikakuja Congo." Akamwelekezea kidole. "Halafu siku ya kwanza karakana nakuona wewe unaruka kutoka juu ya meli mpaka chini, na magoti yako mazuri, kama mbuzi. Nilikuchukia mpaka saa ya chakula."

Évariste hakujua aweke wapi uso wake. Kucheka hakuthubutu, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti, na Mholanzi akaiona. Mashuka yalipigwa na upepo wa mtoni.

"Bado nina hasira na wewe," alisema Klaas.

"Ndiyo, bwana."

"Bon. Lakini lile bao la pili. Ulifanya vipi? Niliona mgongo wako tu."

Évariste akatazama huku na huku. Palikuwa na mkate kwenye sahani. Akaukata vipande, akapiga magoti sakafuni. Hiki ni beki, hiki ni mwenzake, hiki ni kipa. Akaeleza kushoto ulikotoka mpira, na jinsi miguu ilivyotaka kukimbia, na jinsi alivyoinyima. Klaas aliinama juu ya plasta yake mpaka akakunja uso kwa maumivu, akauliza kipa aliegemea mguu gani, akauliza jua lilikuwa wapi, maswali ambayo Kabondo yote haikuwa imeyauliza. Évariste alieleza mara ya pili. Akaeleza na ya tatu, mpaka sista mmoja akatokea na kumfukuza kwa kupiga makofi, kama kuku.

Klaas hakupona goti. Kabla mvua hazijaanza walimrudisha kwao, na siku ya kuondoka Kabondo ilishuka bandarini kana kwamba ni sikukuu. Papa Wenceslas alimshonea koti. Valère alilia waziwazi. Évariste alibeba sanduku, akalipandisha kwenye meli, akashuka, akasimama pembeni kidogo na wenzake, waliokuwa bado hawamsemeshi sana. Meli ilipojitoa ukingoni watu wote wakapaza sauti, "Klaasi! Klaasi!", na Évariste akahisi kile kitu cha zamani, wivu, kikimng'ata chini ya mbavu. Alikisikia, akakitambua. Akapaza sauti na yeye, kwa kuchelewa.

Walirudi kwa baiskeli, Pélagie ameketi nyuma na mtoto wao Claudine mapajani.

"Wenceslas alikuwa anakuambia nini pale bandarini?" aliuliza Pélagie.

"Nirudi Jumapili."

"Asifiwe Mungu! Namba tisa?"

Évariste alikanyaga kwa nguvu. Barabara ilikuwa inapanda.

"Beki," alisema.

Pélagie alijizuia, akajizuia, mpaka baiskeli ikaanza kutetemeka kwa kicheko chake. Évariste alimwambia atulie, watamwangusha mtoto, na akaendelea kupanda, roho bado inamuuma.